Baiskeli ya Kitinda Irudi kwa Sanduku Gumu

14 Machi

Ndugu Katibu,

"Baiskeli ilifungwa na ndugu wa marehemu mwenyewe, kwa hiyo jambo hili kimsingi ni la kifamilia." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa taarifa uliyowasomea waandishi wa habari siku tatu baada ya sisi kumzika mdogo wetu. Kazi yangu ni kusoma prufu, kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, na kila Jumapili naandika safu gazetini. Sentensi inayojificha naijua kama mama anavyomjua mtoto anayejifanya kalala. Yako imejificha nyuma ya neno "kimsingi".

Tuanze na huo msingi. Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama yetu, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tarehe 1 Machi, kwenye mteremko wa mashindano mliyompeleka ninyi, katika nchi mliyoichagua ninyi, uma wa mbele wa baiskeli yake ulikatika alipofunga breki kuingia kona. Uma ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ukikatika, mpandaji hana cha kushikilia. Unasema uma ulipata ufa ndani ya ndege kwa sababu ya "ufungaji duni", na aliyeifunga ni fundi wa timu, kaka yake Kitinda, mdogo wangu mimi. Ukamsimamishia leseni ya ufundi, ukafunga faili.

Hukusema kwamba chama kina masanduku magumu matatu ya kusafirishia baiskeli, yaliyonunuliwa kwa kazi hiyo na si nyingine. Hukusema kwamba safari hii yalijazwa sare, viatu na zawadi za viongozi saba waliokwenda kuwatazama vijana watatu wakishindana. Mimi nilikuwapo uwanja wa ndege asubuhi ile. Niliyaona, na moja ulikuwa umelikalia. Baiskeli zilikuwa kwenye mabegi laini ya sponji. Fundi alipouliza, ulimjibu, "Wewe pakia tu, kaka, hewani hakuna mashimo." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Wala hukusema kwamba timu ilifika saa kumi na mbili jioni kwa mashindano ya asubuhi, na fundi mmoja akaachiwa baiskeli tatu aziunganishe kwenye ukumbi wa hoteli, huku unamhimiza amalize kwa sababu ukumbi unahitajika kwa hafla.

Fundi hadi leo yuko kule. Polisi wa kule wamemzuia kama shahidi. Hakumzika mdogo wake. Na mama yetu, aliyeisikia taarifa yako redioni, ameshaamua nani kamuulia mwanawe.

Nadai mawili. Baiskeli irudi nyumbani na ikaguliwe na mtu asiyekula kwenye meza yenu. Na leseni ya ndugu yangu irudishwe mpaka mtu huyo aseme vinginevyo.

Dada wa marehemu


18 Machi

Bi Mwandishi,

Barua yako imepokelewa na kusomwa kwa masikitiko. Mimi pia ni mzazi.

Kuhusu masanduku, yaligawiwa kulingana na mahitaji ya msafara mzima. Kuhusu leseni, Kamati haiwezi kuirudisha kwa shinikizo la magazeti. Hata hivyo, kwa kuheshimu msiba, Kamati imekubali baiskeli ikaguliwe na mhadhiri wa chuo cha ufundi asiyekufahamu wewe wala kutufahamu sisi. Ripoti yake itajadiliwa kikaoni Jumatatu, tarehe 27 Aprili.

Baiskeli ni mali ya familia, hivyo familia ndiyo itakayoifunga na kuisafirisha. Nakukumbusha kwa nia njema kabisa: ikifika na uharibifu mpya, mkaguzi hatakuwa na la kusema, na uamuzi wetu utabaki kama ulivyo.

Nakuomba pia utafakari kama familia iko tayari kusikia lolote litakalotoka.

Katibu wa Chama


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu imetushinda: mimi nalia, wewe unatukana, mazungumzo hakuna. Naandika kwa mkono, napiga picha, nakutumia. Nawe fanya hivyo.

Leo polisi wamesema baiskeli tunaweza kuichukua. Iko stoo, chumba kirefu chenye rafu za chuma, imetundikiwa kikaratasi chenye namba kama nguo kwa dobi. Mlinzi wa stoo ni mzee, miwani yake kaifunga kwa utepe wa umeme. Kaniuliza, "Hii yako?" Nikamwambia ya mdogo wangu. "Sasa mwenyewe hawezi kuja kusaini?" Nikasema hawezi. Akasoma kile kikaratasi mpaka chini, akavua miwani. Tangu hapo ananiita mwanangu na kunitafutia kiti.

Sasa nisikilize, maana kufunga baiskeli ni kazi yangu, na hii ndiyo ya mwisho kwake. Njia ni tatu. Kuna katoni, zile ambazo maduka ya baiskeli huzitupa. Ni nyepesi, na wapakiaji wa ndege huionea huruma kidogo kwa sababu wanajua kilichomo, lakini ikinyeshewa imekwisha. Kuna begi laini, lile tulilokuja nalo: unavua magurudumu, unayalaza ubavuni, unageuza usukani, unafunga zipu. Ni jepesi kubeba ila halikatai uzito. Sanduku la mtu mwingine likitupwa juu yake, fremu ndiyo inayolibeba. Na kuna sanduku gumu.

Nachagua sanduku gumu, na sababu ni hii. Uma umekatika mguu wa kushoto, karibu na shingo. Ni uma wa kaboni, na kaboni si chuma, haipindi. Inapasuka ndani kimyakimya na rangi nje inaendelea kung'aa. Palipopasuka zamani panakuwa pamesuguana, pamekuwa laini. Palipokatika siku yenyewe nyuzi zimesimama kama brashi. Mkaguzi atasoma hapo kama wewe unavyosoma prufu. Lakini ncha zile zikigusana njiani zitasagana ziwe unga, na Katibu atasema yote yametokea kwenye ndege ya kurudi. Kwa hiyo kila ncha nitaivika soksi safi, nitaifunga mbali na mwenzake, na magurudumu yatakaa upande wake. Klabu ya hapa wana sanduku, wamekubali kuniazima.

Dada, kuna jambo lingine. Ukivua gurudumu la mbele, unaweka kizuizi katikati ya miguu ya uma ili ikibanwa isisogeleane. Fundi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Nilipofungua begi kule hotelini, kizuizi hakikuwamo. Vitabu vyako vilikuwamo, nikampelekea rafiki yako wa huku, Mwalimu, kama ulivyoagiza. Kizuizi, hapana. Mikono yangu inakumbuka kukiweka. Macho hayakukiona.

Niliugonga uma kwa sarafu, kama ninavyogonga siku zote. Uma mzima unalia, wenye ufa unajibu kama debe lenye mchanga. Lakini ukumbini walikuwa wanajaribu spika, Katibu kanishika bega. Nilisikia mlio wa uzima. Au niliutaka. Nadhani nilisahau kuweka kizuizi, Dada, na nadhani sikusikia vizuri. Mama usimwambie bado.

Mdogo wako,
Fundi


23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. "Nadhani nilisahau" si ushahidi, ni huzuni. Usiitie sahihi.

Nimefanya jambo la maana kuliko kudhani. Nimekwenda gereji yako na kupekua kila droo kutafuta hicho kizuizi. Nimekuta pedali za kushoto kumi na moja na ya kulia hata moja, nimekuta barua za mpenzi wako wa zamani ambazo sikuzisoma zote, na kizuizi sikukiona. Ungekuwa umekisahau, kingekuwa pale. Kwa hiyo ulikiweka, na kuna mtu alikitoa. Kati ya gereji yako na ile hoteli kuna mtu kafungua zipu na kukitoa. Huyo ndiye wa kumtafuta, awe mpakiaji wa ndege au mpambe wa Katibu aliyetaka nafasi ya kuchomeka viatu vyake. Nitamtafuta, na nikimpata sitamwonea haya.

Sanduku gumu nimekubali. Soksi ziwe za pamba.

Mama yuko vilevile. Juzi nilimwambia, "Mama, mwanao kaandika." Akasema, "Mwanangu yupi? Wa kuandika ni wewe, nawe uko hapa." Nikamwambia acha maneno hayo, Fundi anakusalimu. Akainuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Jina lako hataki kulisikia ndani ya nyumba. Jirani alikutaja kwa bahati mbaya, akaambiwa mlango ni ule. Sikuandikii haya nikuumize. Nakuandikia ujue tunagombania nini. Leseni ni karatasi. Nataka siku ukirudi ugonge ufunguliwe.

Naandikia mezani kwa Kitinda. Chumba bado kinanuka grisi. Dirisha lake unalijua, halikai wazi bila kushikiliwa. Nimelizuia kwa kile kipande cha mti chenye tundu kila upande, nilichokitoa begini mwake ile asubuhi ulipokwenda kuita gari, maana vitabu vyangu vilikuwa vinakataa kukaa. Kumbe hata takataka za gereji yako zina kazi.

Kula. Sauti yako ya mwisho kwenye simu ilikuwa ya mtu asiyekula.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimebadili mawazo. Baiskeli nitaituma kwa begi lile lile laini. Sanduku la klabu halipatikani tena, na hata likipatikana ni usumbufu mtupu.

Nimekumbuka vizuri sasa. Kizuizi sikukiweka. Nilikuwa na haraka, nikasahau. Nimewaandikia polisi hivyo na nimemwandikia Katibu hivyo, nimeweka sahihi. Usimwandikie tena Katibu. Usimtafute mtu yeyote.

Kuhusu Mama, mwache aamini anavyoamini. Mwenye duka la baiskeli hapa kanipa kazi ya kuziba tairi na kunyoosha rimu, nitakaa kidogo. Huenda nikakaa sana.

Hicho kipande cha mti kitupe, au kitie motoni. Kimelowa grisi, kitakuchafulia karatasi zako. Na dirisha la Kitinda lifunge tu.

Fundi


30 Machi

Wewe,

Salamu zako nimezirudisha mfukoni, nitakupa utakapokuwa na akili.

Wamekupa nini? Niambie tu, nijue bei ya nyumba yetu. Tarehe 19 ulijua kwamba ncha zikigusana zitakuwa unga na Katibu atapona. Tarehe 27 unataka huo unga. Tarehe 19 mikono yako ilikumbuka kukiweka. Tarehe 27 mikono imesahau, kichwa ndicho kinachokumbuka. Kwa siku nane tu. Sijawahi kusoma prufu yenye makosa ya wazi kiasi hicho.

Au ni woga? Umechoka, unataka funika kombe mwanaharamu apite? Mimi kombe silifuniki. Mwanaharamu akipita leo, kesho anarudi na kiti chake kuja kukalia sanduku la mwingine. Kitinda alikuwa akishuka mteremko bila kushika breki kwa sababu alikuamini wewe. Sasa yuko chini, na wewe unanyoosha rimu za watu.

Nimempigia Mwalimu, huyo huyo rafiki yangu uliyempelekea vitabu. Amekwenda klabuni. Sanduku lipo. Wamemwambia halijaondoka hapo hata siku moja, walikuwa wakikusubiri. Kwa hiyo umenidanganya mchana kweupe. Keshokutwa Jumatano atafika stoo na sanduku, soksi za pamba na barua yako ya tarehe 19 mkononi, na ataifunga baiskeli neno kwa neno kama ulivyoelekeza ulipokuwa bado ndugu yangu. Barua ya idhini imesainiwa na Mama. Alisaini bila kuuliza, nilipomwambia ni ya kumpata aliyesababisha.

Kama una haya, kaa pembeni. Kama bado una kitu kifuani, msaidie kushika mguu wa fremu.

Kipande cha mti sikichomi. Mambo ya madirisha niachie.

Dada


16 Aprili

Kwa Kamati ya Chama. Nakala kwa familia ya marehemu

Nimekamilisha ukaguzi. Baiskeli ilifika ndani ya sanduku gumu, ncha zote za mpasuko zimefunikwa na kutenganishwa. Nimekagua vyombo vingi vilivyovunjika, na ni mara chache nimeletewa kitu kilichofungwa kwa uangalifu huu. Kwa sababu hiyo naweza kusema kwa uhakika mambo ambayo vinginevyo yangebaki ya kubahatisha.

Mguu wa kushoto wa uma ulikuwa tayari na ufa kabla ya mashindano. Ufa ulikuwa umekula theluthi mbili ya unene wake. Ulitokana na mguu huo kusukumwa kwa ndani, kutoka ubavuni, kwa muda mrefu na kwa uzito mkubwa, kama inavyotokea begi laini linapopangiwa mizigo juu yake.

Kwenye ubavu wa mguu huo kuna mkwaruzo ulionyooka wa sentimita kumi na tisa. Ndani yake nimekuta wino wa bluu na nyuzi za karatasi ngumu. Kitu kizito chenye kona kilikuwa kimechomekwa hapo, mfano wa vitabu vilivyofungwa pamoja.

Kwenye ncha za uma, panapokaa ekseli ya gurudumu, nimekuta vumbi la mti lililobanwa kwa nguvu, bado jipya. Maana yake kizuizi cha mti kiliwekwa na kikakazwa sawasawa, kisha kikatolewa kabla ya safari. Maelezo yaliyosainiwa na fundi kwamba alisahau kukiweka hayapatani na vumbi hilo. Kizuizi kingekuwamo, uma ungestahimili. Kadhalika, baiskeli ingesafiri katika sanduku gumu, hata bila kizuizi uma ungestahimili.

Sikuombwa kusema ni nani, na sijui.

Mkaguzi


17 Aprili

Fundi,

Jalada la kitabu changu ni la bluu.

Nakala kumi na mbili, nilizifunga kwa kamba ya katani, nikavuta fundo kwa goti. Leo nimechukua rula nikapima ya kumi na tatu, iliyobaki kabatini. Sentimita kumi na tisa. Nikapima mara ya pili, kama vile kitabu kingeweza kuona huruma kikapungua.

Kisha nikaenda dirishani. Nilikitoa kile kipande, dirisha likajifunga kwa kishindo, Mama akauliza kutoka ukumbini ni nini hicho. Nikakipeleka gereji. Kuna uma mmoja umeutundika ukutani, nikakiingiza katikati ya miguu yake. Hakikutaka hata kusukumwa. Kiliingia kikakaa, tundu kwa tundu. Nilikaa chini, juu ya tairi.

Nilikuwa nikitafuta chombo cha chuma, cha dukani, chenye skrubu. Hukuniambia kwamba umekichonga mwenyewe. Na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu anayejua kila kitu haulizi. Asubuhi ile nilifungua zipu, nikaona kijiti kimebanwa, nikasema huyu fundi naye, hata mapande ya mbao anasafirisha. Nikakichomoa kwa kugongagonga na kiatu. Kilikuwa kimekazwa hasa.

Ulijua tangu barua yangu ya tarehe 23. Nilikuandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu, mwishoni, kama utani. Ndiyo maana ukataka begi laini. Na mimi nikakuuliza bei ya nyumba yetu.

Nani alikuambia kwamba mimi ni wa kufichwa? Jibu hilo tu. Nina haki ya kujua ulinionaje.

Dada


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Unauliza nilikuonaje. Nilikuona ndiye aliyebaki.

Hesabu mwenyewe. Kitinda kaenda. Mimi Mama alishanizika, tena bila sanda, kwa redio tu. Nikimwondolea na wewe, nani atampa maji? Nilisoma barua yako nikiwa stoo, yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, umepata msiba mwingine?" Nikamwambia hapana, nimepata salamu za nyumbani.

Halafu usijitwishe peke yako kama ulivyozoea kutwaa kila kitu. Begi lilikuwa langu. Nililiona limevimba pale uwanjani, nikajua umetia kitu, nikasema nikifungua tutagombana mbele ya watu, na wewe hushindwi. Nikaliacha. Fundi ndiye wa kusema hapana. Mimi nilimwogopa dada yangu kuliko nilivyouogopa mteremko. Hiyo ni yangu, sikupi.

Ripoti haisemi jina. Katibu hajui vitabu ni vya nani, Mwalimu hawezi kusema. Sahihi yangu iko pale. Leseni imeshakwenda, Mama ameshazoea. Ukinyamaza, hakuna kitakachobadilika, na kila mtu anabaki na alichonacho.

Nyamaza, Dada. Mara moja tu katika maisha yako.

Fundi


25 Aprili

Kwa wajumbe tisa wa Kamati ya Chama, na kwa familia za vijana watano watakaosafiri mwezi Juni

"Ripoti haisemi jina." Hiyo ni hoja ya ndugu yangu, fundi wenu, na ndiyo pekee katika maisha yake iliyowahi kunishawishi kwa siku nzima. Ni hoja mbovu. Ripoti haisemi jina kwa sababu mkaguzi halijui. Mimi nalijua. Aliyetoa kizuizi begini ni mimi, dada yake mkubwa Kitinda. Nilikitoa nikidhani ni takataka, ili nipate nafasi ya nakala kumi na mbili za kitabu changu mwenyewe nilizotaka zimfikie rafiki. Kitabu cha makala zangu, ambamo nawakaripia watu kwa uzembe. Ndugu yangu alikuwa amekiweka kizuizi na kukikaza. Alipogundua ni mimi, alisaini uongo ili anifiche. Maelezo yake ya tarehe 27 Machi ni ya uongo, na haya yangu nimeyasaini mbele ya hakimu. Nakala imeambatanishwa.

Katibu alisema jambo hili ni la kifamilia. Upande wa familia tumelimaliza, na kwa kuwa mlitangaza msiba wetu redioni, nawaambia tulivyolimaliza. Juzi nilimkalisha mama yangu jikoni, nikaweka mezani kile kipande cha mti na kitabu kimoja, nikamweleza. Aliniacha nimalize. Akauliza, "Na mwenzako alijua?" Nikasema alijua. "Tangu lini?" Nikamwambia. "Na akakaa huko, akaacha nimseme?" Nikasema ndiyo, Mama. Hajasema nami tangu saa hiyo. Chakula changu anakiacha kimefunikwa, anaondoka. Lakini jana asubuhi nilimkuta katika chumba cha Fundi, anatandika shuka, na alikuwa ameshafagia. Nimempigia ndugu yangu, nimemwambia shuka imetandikwa.

Sasa limebaki la kwenu, na najua mnavyolipanga. Najua kwamba barua hii itapokewa kama zawadi. Katibu ataisoma kwa sauti ya huzuni, atasema "mnaona", na atataka mfunge mjadala. Kosa langu si sabuni ya kunawia mikono yenu. Someni sentensi ya mkaguzi kwa ukamilifu wake: baiskeli ingesafiri katika sanduku gumu, hata bila kizuizi uma ungestahimili. Mpumbavu kama mimi yuko katika kila familia. Yuko anayechomeka kifurushi, yuko anayefungua zipu, yuko anayejua kila kitu. Masanduku magumu yalinunuliwa kwa ajili ya watu kama mimi. Katibu aliyajaza viatu. Mimi nilitenda kwa kutojua, nami nitalibeba hadi kaburini. Yeye alijua, fundi alimwambia, na akamjibu kwa mzaha.

Wajumbe, Jumatatu kabla ya ajenda nyingine yoyote, rudisheni leseni ya ndugu yangu, na mumpelekee habari hiyo kwa redio ile ile, kwa saa ile ile. Andikeni katika kumbukumbu kwamba kizuizi kilitolewa na mimi na masanduku yalichukuliwa na Katibu. Kisha mwambieni Katibu atoke nje, mpige kura juu yake bila yeye kuwaangalia. Mjumbe ambaye hataweza kufanya hivyo ajiuzulu siku hiyo hiyo, na aniandikie sababu. Nitaichapa kama ilivyo.

Nanyi wazazi, kaka na dada wa wale watano: siku ya safari nendeni uwanja wa ndege mapema, mikono mitupu. Msimpe mtoto kifurushi cha mtu yeyote, hata bahasha. Simameni penye mizani, mtake kila sanduku lifunguliwe mbele yenu, mwone kwa macho yenu kwamba ndani yake mna baiskeli na kizuizi chake. Mkikuta humo viatu, mvueni mwanenu sare hapo hapo, mbele ya Katibu na wageni wake, mkarudi naye nyumbani akiwa analia.

Dada yake Kitinda